Rogers: Mwasisi wa MIT aliyefia jukwaani siku ya mahafali

MEI 30, 1882, mjini Boston, Marekani, mzee wa miaka 77 alisimama mbele ya wahitimu wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT). Aliwaeleza jinsi nadharia na kazi ya vitendo, zilizotengana tangu zamani, zilivyokwisha kuungana. Alipofika kwenye habari za makaa ya mawe sauti ilikatika, akaanguka na kufariki dunia papo hapo.

Huyo ndiye William Barton Rogers, mwasisi wa chuo hicho.

Alizaliwa Philadelphia, Desemba 7, 1804. Mwaka 1828 alirithi nafasi ya marehemu baba yake ya kufundisha sayansi katika Chuo cha William and Mary, na mwaka 1835 akahamia Chuo Kikuu cha Virginia.

Enzi hizo mwalimu alisema, mwanafunzi akakariri. Hata jaribio la kisayansi lilifanywa na mwalimu, darasa likitazama. Rogers hakuamini kwamba nchi iliyokuwa ikijenga reli na viwanda ingepata viongozi wa kazi hizo kwa njia hiyo. Mwaka 1846 alimwandikia nduguye, Henry, akichora mpango wa chuo cha ufundi mjini Boston, na mwaka 1853 akahamia huko.

Hati ya kuanzisha chuo ilitiwa saini Aprili 10, 1861. Siku mbili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka. Masomo yalingoja hadi 1865, yakaanza na wanafunzi 15 katika vyumba vya kupanga. Mwaka 1869, kwa mpango wake, Profesa Edward Pickering alianzisha maabara ya fizikia ambamo mwanafunzi alipima, na kukosea, kwa mkono wake mwenyewe. Leo ni vigumu kusadiki kwamba jambo hilo lilihitaji kupiganiwa.

Heshima ilimfikia uzeeni, alipofanywa rais wa Akademia ya Taifa ya Sayansi mwaka 1879.

Hata hivyo, mwaka 2018 MIT yenyewe ilitangaza matokeo ya utafiti kuhusu maisha yake ya Virginia. Sensa ya 1850 ilionyesha kuwa nyumbani kwa mtetezi huyo wa kazi ya mikono walikuwamo watumwa sita. Karani wa sensa aliandika umri na jinsia zao; majina hakuyaandika.