Burkitt na Maana ya Udaktari

Neno daktari limetufikia kutoka Kiingereza, lakini asili yake ni Kilatini, na katika lugha hiyo lilimaanisha mwalimu. Kiswahili kimelipa kazi mbili: kumtaja anayetibu wagonjwa, na kumtaja aliyehitimu shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu. Aghalabu hao huwa watu wawili, kila mmoja na mlango wake. Huku kwetu Kisii na Nyamira, tabibu kijana aliyehitimu shahada ya kwanza haachi kuulizwa na wazee ataendelea lini na masomo. Swali hilo ni jema. Lililo zito zaidi ni hili: akiendelea, je, ni lazima amwache mgonjwa ndipo awe msomi? Maisha ya Denis Parsons Burkitt yanatupa jibu.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa kaunti ambaye, wakati wa mapumziko, aliwavisha ndege pete miguuni na kuchora ramani ya eneo la kila mmoja. Mwana alirithi mapenzi hayo ya ramani. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lilimpiga akapoteza jicho moja. Mwaka wa 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, lakini punde akahamia utabibu na kuhitimu mwaka wa 1935. Miaka mitatu baadaye alifuzu upasuaji mjini Edinburgh. Vita Vikuu vya Pili vilimleta Afrika Mashariki akiwa tabibu wa jeshi. Ami yake, Roland Burkitt, alikuwa tayari daktari mashuhuri wa upasuaji jijini Nairobi.

Hapa yafaa tueleze jambo. Katika utaratibu wa Uingereza na Ireland, tabibu aliyehitimu huitwa daktari kwa heshima tu, kwani shahada yake ni ya kwanza. Shahada ya Udaktari wa Tiba huja baadaye, kwa tabibu aliyekwisha kutibu watu na kuandika tasnifu. Burkitt aliipata kutoka Trinity katika miaka ya 1940, baada ya kushika kisu cha upasuaji kwa miaka kadhaa. Wengi wangeitundika ukutani na kupumzika. Yeye alikwenda Uganda mwaka wa 1946, akapangiwa hospitali ya Lira, katika nchi ya Walango.

Huko Lira alitambua kwamba busha lilikuwa la kawaida kwa wanaume wa upande mmoja wa wilaya na nadra upande wa pili. Badala ya kupasua na kusahau, aliuliza wagonjwa wanatoka wapi, akachora ramani. Mwaka wa 1948 alihamishiwa Mulago, Kampala. Mwaka wa 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote mbili, pande zote. Majuma machache baadaye, katika hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule, na tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Alifukua kumbukumbu za hospitali, akagundua kwamba uvimbe uliodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali ulikuwa saratani moja. Aliitangaza mwaka wa 1958. Kumbe Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa ameandika habari za uvimbe kama huo mapema katika karne ya 20. Kumbukumbu zake zilikuwa zikingoja msomaji.

Burkitt alituma vijikaratasi vyenye picha na maswali kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Mwaka wa 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu takriban maili 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, kwa muda wa majuma 10. Ramani ilifunua siri: karibu na Ikweta, ugonjwa huo ulipungua mno palipoinuka kupita mita 1,500 hivi. Msomaji wa Kisii ataelewa upesi. Mji wetu uko kwenye mita 1,700 hivi, ilhali ufuo wa Ziwa Victoria, mwendo mfupi kutoka hapa, uko chini ya mita 1,200. Kinachotenganisha sehemu hizo mbili ni joto, mbu na malaria. Mwaka wa 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake, waliochunguza ugonjwa huo nchini Kenya, walitaja malaria kuwa kichocheo. Mwaka huohuo Anthony Epstein na wenzake mjini London walitangaza kirusi walichokipata katika uvimbe uliotoka Uganda. Saratani hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza kuponywa kwa dawa pekee.

Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993. Ugonjwa ule ungali unaitwa kwa jina lake. Haki inatudai tukumbuke kwamba ramani yake ilijengwa pia na wauguzi, makarani, matabibu na wazazi ambao majina yao hayasomwi popote, na kwamba wagonjwa wenyewe walikuwa watoto wa Afrika. Waliouona ugonjwa kila siku walikuwa wengi. Aliyepewa nafasi ya kuuliza, kuandika na kusikilizwa alikuwa mmoja.

Hilo ndilo linalotuhusu. Kisii leo ina hospitali ya mafunzo na rufaa, na chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka wa 2013. Tabibu wetu asilazimishwe kuchagua kati ya wodi na tasnifu. Apewe saa za kuandika, na faili za wagonjwa zitunzwe kama hazina. Nanyi walimu, mfundisheni mwanafunzi kuuliza mgonjwa anatoka wapi, kabla ya kumfundisha kuhesabu vyeti. Daktari asiyeuliza amesahau kwamba jina lake lilimaanisha mwalimu, na mwalimu asiyeendelea kujifunza hana la kufundisha.