Benjamin Franklin, mzee aliyeunganisha miwani mbili

Ukishavuka miaka 40, huenda umeanza kuishika simu mbali ili usome ujumbe. Lenzi iliyo ndani ya jicho huwa ngumu kadiri miaka inavyokwenda, hivyo vitu vya karibu havionekani vizuri. Leo tunamtazama mtu aliyepata shida hiyo zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa na sabuni, mwenye watoto 17. Franklin aliacha shule akiwa na miaka 10, akajifunza uchapaji kwa kaka yake, kisha akiwa na miaka 17 akatorokea Philadelphia. Huko alitajirika kwa kuchapa gazeti na vitabu. Ndiye pia aliyebuni chuma cha kukinga nyumba dhidi ya radi.

Mwaka 1776, akiwa na miaka 70, alitumwa Ufaransa kutafuta msaada wa vita vya uhuru wa Marekani. Macho hayakuwa yale ya ujana. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuonea mbali, na kuzibadilisha kila mara kulimchosha. Akaagiza lenzi zikatwe nusu na kuunganishwa katika fremu moja: nusu ya juu ya kuonea mbali, ya chini ya kusomea.

Mwaka 1785 alimweleza rafiki yake kwa barua jinsi miwani hiyo ilivyomfaa. Mezani aliona chakula chake, na pia nyuso za waliokaa upande wa pili. Kwa kuwa Kifaransa kilimpa taabu, kuona uso wa msemaji ukitembea kulimsaidia kuelewa. Kwa mtu aliyetumwa kuiombea nchi yake, hilo halikuwa jambo dogo.

Miwani ya namna hiyo inatumika hadi leo. Faida yake ni kwamba unabeba moja tu. Lakini ina kasoro. Ukitazama chini kupitia sehemu ya kusomea, ardhi huonekana kwa ukungu, na ngazi au jiwe linaweza kukuangusha. Vitu vya umbali wa kati navyo huenda visionekane sawasawa. Kwa hiyo unapotembea, inamisha kichwa uone njia kupitia sehemu ya juu, na ujizoeze nyumbani kwanza.

Tunashauri upimwe macho kabla ya kununua miwani, kwa sababu ukungu wa macho unaweza kutokana na mtoto wa jicho au presha ya macho, na hayo hayatibiwi kwa miwani.

Franklin alifariki mwaka 1790 akiwa na miaka 84. Hakuomba hataza kwa uvumbuzi wake wowote, akaacha kila mtu autumie.