Soraya Tarzi: Malkia Aliyelaumiwa kwa Haraka

Haraka haraka haina baraka, na kwa kipimo hicho wengi walimhukumu Soraya Tarzi, malkia wa Afghanistan. Alizaliwa mwaka 1899 mjini Damascus, ambako babake, mwandishi mashuhuri Mahmud Tarzi, aliishi uhamishoni. Familia iliporejea Kabul, aliolewa na Amanullah mwaka 1913.

Mumewe alipotwaa utawala mwaka 1919, Soraya hakukubali kuwa pambo la ikulu. Mwaka 1921 shule ya wasichana ilifunguliwa mjini Kabul, likaanzishwa pia jarida la wanawake, Irshad-i-Niswan, chini ya uhariri wa mamake, Asma Rasmiya. Mwaka 1928 mabinti kadhaa walipelekwa Uturuki kusoma.

Mwaka uo huo, katika ziara ya Ulaya, malkia alipigwa picha akiwa hakujifunika uso. Wapinzani walizieneza picha hizo. Uasi ulizuka, na mnamo Januari 1929 Amanullah akaacha kiti. Shule za wasichana zikafungwa. Soraya alifariki uhamishoni mjini Roma tarehe 20 Aprili 1968, akazikwa Jalalabad karibu na mumewe.

Je, aliharakisha mno? Ikumbukwe kwamba kodi na uandikishaji wa askari pia viliwaudhi raia. Si uso wake pekee. Isitoshe, mwaka 2021, karne moja baada ya shule ile kufunguliwa, Taliban waliwafungia wasichana shule za sekondari. Aliyengojeshwa karne nzima haambiwi ana haraka.