Emanuele Tesauro na Ghala la Sitiari

Emanuele Tesauro alizaliwa mwaka wa 1592 katika mji wa Torino, kaskazini-magharibi mwa Italia. Italia ya siku hizo haikuwa taifa moja. Ilikuwa mkusanyiko wa milki mbalimbali, na Torino ilikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Savoia. Lugha nayo ilikuwa ikitafuta mizani yake. Mwaka wa 1612, Tesauro akiwa kijana wa miaka ishirini, wanazuoni wa Accademia della Crusca ya Firenze walichapisha kamusi yao mashuhuri ya Kiitalia, wakayathibitisha maneno yake kwa maandishi ya magwiji waliotangulia. Tesauro alikuja kukusanya kitu kingine: si maneno, bali njia ambazo neno moja hupitia hadi likasimama mahali pa jingine.

Alijiunga na Wajesuiti mwaka wa 1611. Alifunza balagha katika shule zao mjini Milano na Cremona, na baadaye akawa mhubiri aliyesikilizwa na wakuu. Yamkini hapa ndipo mbegu ya kazi yake ilipopandwa. Mhubiri wa karne ya 17 alitarajiwa kuwashangaza waumini kwa taswira mpya, na mwalimu wa balagha alikuwa na wanafunzi waliohitaji kujua taswira hizo huchotwa wapi. Jibu jepesi ni kwamba hutokana na kipaji: aliyejaliwa amejaliwa, na asiyejaliwa na anyamaze. Tesauro hakuridhika na jibu hilo.

Dunia haikumwacha atulie. Katikati ya miaka ya 1630, baada ya mivutano ndani ya shirika, aliwaacha Wajesuiti akabaki kasisi wa kawaida, akaingia katika utumishi wa Tommaso wa Savoia, aliyekuwa akiwapigania Wahispania huko Flanders. Mtawala Vittorio Amedeo I alipofariki mwaka wa 1637, mjane wake Maria Cristina, aliyeungwa mkono na Ufaransa, na shemeji zake Tommaso na Maurizio, walioungwa mkono na Uhispania, waligombea madaraka hadi mwaka wa 1642. Tesauro alikuwa upande wa mashemeji, na aliyaandika mapigano hayo.

Kitabu kilichomjengea jina kilitoka Torino mwaka wa 1654: Il cannocchiale aristotelico, yaani darubini ya Aristotle. Anwani yenyewe ni sitiari, tena yenye ujasiri. Darubini ilikuwa chombo kipya. Ni mwaka wa 1609 tu ambapo Galileo aliielekeza mbinguni. Aristotle naye alikuwa mamlaka kongwe ambayo darubini hiyohiyo ilikuwa imeanza kuitikisa. Tesauro aliwaoanisha. Kwa maoni yake, mafunzo ya Aristotle yalikuwa lenzi ya kutazamia vitu vilivyo mbali mbali katika maumbile na kuviona vikiwa pamoja ndani ya neno moja. Sitiari kwake haikuwa pambo la lugha. Ilikuwa namna ya kujua, kwani humfundisha msikilizaji mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Alizigawa sitiari katika aina nane, zikiwemo za ulinganifu, za chuku, za ukinzani na zile zinazomhadaa msikilizaji.

Kiini cha kitabu, hata hivyo, ni jedwali. Tesauro alizichukua kategoria kumi za Aristotle, kama vile dhati, kiasi, sifa, uhusiano, mahali na wakati, na chini ya kila moja akaagiza viorodheshwe vitu vyote vinavyoihusu. Tuseme mshairi anataka kumsawiri mbilikimo. Anakwenda kwenye kiasi, anapekua vitu vidogo na vipimo vidogo, anakutana na upana wa kidole, kisha anarudi na wazo kwamba hata kipimo hicho ni kirefu mno kwa mwili ule. Akiendelea kuzivuka kategoria nyingine atarudi na mengine, na mengine tena. Vivyo hivyo aliuchukua usemi wa kale wa Kilatini unaoyafanya malisho yacheke, akaonyesha jinsi unavyoweza kuzaa semi nyingine kochokocho kwa kubadili upande mmoja baada ya mwingine.

Wazo hili lilikuwa zito kuliko linavyoonekana. Iwapo sitiari inaweza kutafutwa kwa utaratibu, basi kipaji si siri ya wachache, na orodha iliyochapishwa ni mali ya yeyote atakayependa kuirefusha. Lakini jedwali lilikuwa na pengo. Tesauro alikiri kwamba hata wakulima husema kwa sitiari, ila mifano yake mingi aliitoa kwa waandishi wa Kilatini, maandishi ya makaburini na nembo za wakuu. Sokoni hakwenda.

Alifariki Torino mwaka wa 1675. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka wa 1698 na kwa Kihispania mwaka wa 1741, lakini nyumbani upepo ulikuwa umegeuka. Chama cha Arcadia, kilichoasisiwa Roma mwaka wa 1690, kilitaka ushairi mwepesi usio na vitimbi, na wahakiki waliofuata waliifanya karne ya Tesauro kuwa mfano wa ladha mbovu. Hukumu hiyo ilidumu mno, na haikuwa ya haki. Mwaka wa 1960 Ezio Raimondi alimrejesha katika diwani ya waandishi wa karne ya 17. Umberto Eco alimjadili kama mwanasemiotiki mwaka wa 1984, na mwaka wa 1994 akamtia katika riwaya, akiwa padri mwenye mtambo wa saraka unaozalisha sitiari.

Watafiti wanaojenga hifadhidata huria za sitiari wanafanya kazi inayokaribiana na yake: kila usemi hupewa uwanja unaoazimwa na uwanja unaoelezwa, ili mwingine aweze kuutafuta, kuulinganisha na kuuongezea. Tofauti iko kwenye ushahidi. Wao huanza na matini halisi, magazeti na mazungumzo yakiwemo, ndipo wakaunda kategoria. Tesauro alianza na kategoria, kisha akaenda kutafuta semi za kuzijaza.