Galen, jamaa aliyetibu vidole kwa kupaka shingo dawa

Pausanias alikuwa msomi kutoka Syria aliyekuja Roma kutafuta riziki kwa kuongea na kuandika. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake, na nusu ya kile cha kati, vikafa ganzi. Madaktari wakampaka dawa vidoleni, wakabadilisha, wakaongeza. Wapi! Hali ikazidi kuwa mbaya.

Ndipo akaitwa Galen. Badala ya kukazania mkono, alitaka kujua kama jamaa aliwahi kuumia mahali pengine. Kumbe alikuwa ameanguka kutoka kwenye gari la kukokotwa na kugonga jiwe kwa mgongo wa juu. Galen akaamuru dawa ihamishiwe pale shingo inapokutana na mgongo. Vidole vikapona, na wengi wakabaki wameshangaa.

Galen alizaliwa mwaka wa 129 Pergamon, mji ulio Uturuki ya leo. Babake, Nikon, alikuwa msanifu wa majengo, na tusijidanganye, pesa ilikuwepo. Mzee aliota ndoto kwamba kijana asomee udaktari, basi akiwa na miaka 16 hivi akaanza. Baba alipofariki, urithi ukamfikisha hadi Alexandria, Misri, ambako mwanafunzi angeweza kuangalia mifupa ya binadamu kwa macho yake. Kwingineko hiyo ilikuwa ngumu, kwani kupasua maiti kulikatazwa.

Mwaka wa 157 akarudi nyumbani, akapewa kazi ya kutibu wapiganaji wa uwanjani, wale wa kukatana kwa panga watu wakishangilia. Kazi noma. Lakini kila jeraha lilimwonyesha misuli, kano na neva ambazo vitabu vilizieleza juujuu.

Hebu gusa nyuma ya shingo yako (najua umeinamia simu). Vile vinundu ni pingili. Shingoni ziko 7, kifuani 12, kiunoni 5, jumla 24, na hesabu hiyo Galen aliipata sawa. Chini yake kuna pingili zilizoungana na kuwa mfupa mmoja, kisha kifupa cha mkia. Katikati ya pingili kuna gegedu laini za kupunguza mshtuko, kano zinazifunga pamoja, na misuli inashikilia yote yasimame wima. Ndani kabisa mna kamba nene ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, ikitoa matawi kati ya pingili. Tawi linalotoka chini ya pingili ya 7 ya shingo ndilo hufika kwenye kidole cha mwisho. Hapo ndipo Pausanias alikuwa ameumia.

Galen alijuaje? Alikata kamba hiyo kwenye wanyama hai, wakiwemo nguruwe, bila ganzi. Mimi hiyo sehemu naisoma nikiwa nimekunja uso. Akikata juu kabisa shingoni, pumzi inakatika papo hapo. Akishuka chini ya shingo, mnyama anapumua lakini misuli ya kifua imekufa. Chini zaidi, ni miguu tu. Akikata nusu ya upande mmoja, upande huo tu ndio unapooza.

Sifa zikamfikisha hadi kwa Kaizari Marcus Aurelius. Jamaa pia alijua kujisifu, na hilo ndilo lililoleta shida baadaye, maana waliomfuata walimwamini kwa kila kitu. Alikuwa amejaza mapengo kwa miili ya nyani. Ule mfupa wa chini ya kiuno aliuandika kuwa na vipande vitatu, kumbe wetu kwa kawaida una vitano. Kosa hilo lilifundishwa zaidi ya miaka 1,300, hadi Andreas Vesalius alipopasua maiti za watu na kuchapisha kitabu chake mwaka wa 1543.

Lile jaribio la kukata nusu lilisubiri zaidi. Katika karne ya 19, Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, alilirudia akaona kitu ambacho Galen hakukiona: upande uliokatwa ndio unaopooza, lakini upande wa pili ndio unaoacha kuhisi maumivu.