Maisha ya Dakta Ludwig Krapf, na Jinsi Alivyohamia Mvita na Jamaa Yake

Katika majina yanayotajwa kila mara watu wanapokumbuka mwanzo wa kazi ya Injili katika pwani yetu baada ya siku za Wareno, la kwanza ni jina la Dakta Johann Ludwig Krapf. Watoto wa shule wamefundishwa kwamba yeye ndiye Mzungu wa kwanza aliyeuona Mlima Kenya, na walimu wanajua kwamba aliandika kamusi ya Kiswahili. Lakini habari ya namna alivyofika Mvita mwaka 1844, akiwa na mke aliyekuwa mja mzito, husimuliwa kwa maneno mawili matatu, kisha hupitwa. Katika kitabu hiki cha yubilee tutakaa hapo kidogo, na mambo mengine ya maisha yake tutayataja kwa upesi.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa asilolitenda yeye, akaugua muda mrefu, na katika kulala kwake kitandani akasoma sana Biblia. Baadaye akapenda vitabu vya ramani, akatamani kuwa nahodha wa meli. Lakini baba yake hakuwa na mali ya kumfundisha kazi hiyo. Akaenda Basel, katika chuo cha wamisionari. Akaingiwa na mashaka, akatoka. Akasoma elimu ya dini Tübingen, kisha moyo wake ukarudi palepale ulipoanzia. Mwaka 1837 chama cha misioni cha Kiingereza, ambacho watu wetu wamezoea kukiita CMS, kikampeleka Uhabeshi, nchi iitwayo leo Ethiopia.

Huko Uhabeshi alikaa hasa Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, tangu 1839 hata 1842. Akasikia habari za kabila kubwa la Wagalla, ambao leo huitwa Waoromo, akajifunza lugha yao, akatia moyoni kwamba taifa hili likiamini, Afrika ya Mashariki yote itaangaziwa. Wazo hilo halikumwacha. Hata alipokuja Mvita, hakuja kwa ajili ya Waswahili wala Wanyika. Alikuja kwa kutafuta njia ya kusini ya kuwafikia Wagalla. Mara nyingi Mungu humleta mtu mahali kwa sababu isiyo ile aliyoifikiri mwenyewe.

Mwaka 1842 alishuka kutoka Shoa mpaka Misri ili amwoe mchumba wake, Rosine Dietrich, msichana wa Basel. Walipokwisha kuoana wakataka kurudi Shoa pamoja, lakini njia zilikuwa zimefungwa. Wakajaribu kupita upande wa Massawa, mwaka 1843, na huko njiani, katika nchi kavu yenye mawe, Bibi Krapf akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa wa kike. Baba yake akambatiza jina la Eneba, maana yake katika Kiamhara ni chozi, naye akafa, wakamzika chini ya mti kando ya njia. Safari ikawashinda, wakarudi nyuma.

Mtu mwingine angesema, imetosha, turudi kwetu. Wao walikwenda Aden, wakatafuta chombo cha kwenda kusini.

Yafaa hapa msomaji wa bara aelezwe neno moja ambalo mtu wa pwani hulijua tangu utoto. Miji ya pwani yetu ya zamani, Mvita na Unguja na Lamu, ilikuwa miji ya majira. Upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Ghuba na Hindi, yamejaa tende na nguo na samaki wakavu. Bandari ikajaa, nyumba zikajaa, bei ya kila kitu ikapanda, na sokoni zikasikika lugha nyingi. Kisha kusi ilipoanza, kama mwezi wa Aprili, wageni walitweka matanga wakarudi makwao na pembe na vikanda vya nafaka na boriti. Mji ukabaki na wenyeji wake, mvua ya masika ikanyesha, bahari ikachafuka. Aliyekosa chombo alingoja. Mtu akiugua katika miezi ile hakuwa na njia nyepesi ya kutoka, mpaka demani iingie na bahari itulie.

Krapf na mke wake walishuka na kaskazi, kama watu wote. Waliondoka Aden mwezi wa Novemba 1843 katika chombo cha Waarabu. Upepo ukawa mkali, chombo kikavuja, watu wakateka maji bila kupumzika, na mwisho ikawabidi kurudi Aden. Wakaondoka mara ya pili mwezi uleule. Wakapita pwani ya Wasomali, wakatua Takaungu, wakaona Mvita kwa mara ya kwanza, wakafika Unguja tarehe 7 Januari 1844. Seyidi Saidi, Sultani wa Oman na Unguja, alimpokea Krapf kwa heshima, akampa barua kwa maliwali wake wote wa pwani, akiwaagiza wamtendee wema mtu huyu, kwa kuwa ni mtu wa Mungu atakaye kuwageuza watu wamwelekee Mungu. Imekuwa desturi ya waandishi wengine wa habari za misioni kuwasahau watu wa namna hii. Si haki. Bila barua ya Sultani Mwislamu, misioni ya kwanza isingepata hata mahali pa kuweka mizigo.

Unguja palikuwa na balozi wa Kiingereza na balozi wa Kiamerika, na Wazungu wengine wachache wa biashara. Krapf angaliweza kukaa pale. Lakini aliona kwamba Unguja ni kisiwa kilicho mbali na bara, na Mvita ni kisiwa ambacho mtu huvuka kivuko kidogo tu akawa katika nchi ya makabila. Basi akachagua Mvita. Mwezi wa Mei 1844 akahamia huko pamoja na mke wake.

Mwezi wa Mei! Majahazi ya wageni yalikuwa yamekwisha kwenda zake, na masika ilikuwa imeshika. Mji, kwa makisio yake mwenyewe, ulikuwa na watu elfu nane au elfu kumi, Waswahili walio wengi, na Waarabu, na Wabanyani wachache walioshika biashara. Ngome ya Wareno ilikuwa na askari wa Seyidi, kwa maana ilikuwa miaka saba tu tangu Wamazrui kuondolewa katika utawala. Nyumba ya misioni haikuwapo, wala kanisa, wala Mkristo mwenzao wa kuwashika mkono. Bibi Krapf alikuwa tena mja mzito, na miezi yake ilikuwa karibu kutimia.

Mume wake hakupoteza siku. Mapema mwezi wa Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mvita, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hili walimu walifikiri vema: mstari wa kwanza wa Biblia katika lugha yetu uliandikwa na Mjerumani aliyetumwa na Waingereza, akiketi pamoja na kadhi wa Kiislamu. Kiswahili tangu zamani kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Krapf akachagua herufi za Kirumi, na mpaka leo ndizo tunazozitumia.

Mwanzo wa Julai homa ikawashika wote wawili. Tarehe 6 Julai Bibi Krapf akajifungua mtoto wa kike. Siku zilizofuata homa ikazidi, na mumewe naye akalala hoi katika nyumba ileile. Mama yule alipoona kwamba hatapona, aliwaita waliokuwa karibu akasema nao habari za Mwokozi, akamwomba mumewe asizikwe mjini bali azikwe bara, ng'ambo ya maji, ili watu wapitao waulize kwa nini mgeni huyu alikuja. Akafa tarehe 13 Julai 1844. Krapf alikuwa dhaifu hata aliinuka kwa shida apate kuhakikisha kwamba mkewe amekata roho. Siku chache baadaye mtoto naye akafa, akalazwa karibu na mama yake, upande wa Kisauni. Ndani ya mwaka mmoja na kitu Krapf alikuwa amewazika watoto wawili na mama yao.

Wako waulizao, na ni swali la haki, je, alifanya vema kumchukua mwanamke katika hali ile, majira yale, mahali pale? Tukumbuke kwanza kwamba mwanadamu hakujua bado homa ya malaria inatoka wapi. Watu waliamini kwamba ni hewa mbaya ya mabwawa. Haikuthibitishwa kwamba mbu ndiye mwenye kuichukua mpaka mwaka 1897, katika kazi ya daktari Ronald Ross huko Hindi. Kumbe masika ndiyo yenye kuzalisha mbu, na wageni wawili wasiozoea homa walikuwa wamekuja kukaa katikati yake. Na tukumbuke pili kwamba Rosine hakuburutwa. Alikuwa amekwisha kumzika Eneba, aliijua njia. Walakini mimi sioni vema kuyafunika mambo kwa maneno matamu. Kama wangalingoja Unguja mpaka demani, huenda mama na mtoto wangalipona. Krapf alikuwa mtu wa haraka, mwenye kuona mbali kuliko alivyoona karibu, na jamaa yake ililipa deni la haraka hiyo pamoja naye. Na haraka ileile ndiyo iliyomfanya aanze kitabu cha Mwanzo kabla hajamaliza mwezi wa pili mjini.

Naye hakukimbia. Aliwaandikia wakubwa wa chama chake London kwamba sasa liko kaburi la mtu wao katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara kuwa vita vimeanza, wala hawana ruhusa tena ya kuiacha nchi hii. Barua hiyo ilisomwa katika makanisa mengi ya Ulaya. Kisha akakaa miaka miwili peke yake, akiijifunza lugha, akitembea katika vijiji vya Wanyika, ambao leo tunawaita Wamijikenda.

Tarehe 10 Juni 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa Württemberg kama yeye. Wazee wa Rabai wakawakubali wakae kwao, na tarehe 25 Agosti mwaka ule wakahamia Rabai, wote wawili wagonjwa wa homa, wakipanda mlima kwa punda mmoja. Matunda yalikuwa machache sana. Wa kwanza aliyepokea Ubatizo alikuwa kiwete, jina lake Mringe, naye alibatizwa karibu na kufa kwake.

Safari za bara zimeandikwa katika vitabu vingi. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, alipokuwa Kitui katika nchi ya Ukamba. Na wataalamu wengine wa London, ambao hawakupata kutia mguu huku, waliwacheka kwa kusema theluji iko chini ya jua la ikweta. Krapf alikwenda pia Usambara, kwa mfalme Kimweri wa Vuga. Mwaka 1851 alifuatana na Kivoi, mkuu wa Wakamba, kuelekea mto Tana; wakashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake porini. Alijificha mchana, akatembea usiku, akachukua maji yake ndani ya mtutu wa bunduki kwa kukosa chombo kingine.

Mwaka 1853 afya yake ikavunjika kabisa, akaondoka pwani. Rebmann akabaki Rabai. Mkewe Emma aliishi naye katika kazi ile mpaka alipofariki mwaka 1866, na Rebmann mwenyewe hakurudi kwao mpaka 1875, amekwisha kuwa kipofu. Katika mwaka huohuo 1875 chama cha CMS kikafungua Frere Town, kijiji cha watumwa waliokombolewa, upande uleule wa Kisauni alikozikwa Bibi Krapf.

Krapf alikaa Korntal katika Ujerumani, akaoa tena, akaandika. Mwaka 1862 aliwaleta Wamethodisti pwani, wakajenga Ribe. Mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Waingereza kwenda Uhabeshi kuwa mkalimani, lakini ugonjwa ukamrudisha. Sarufi yake ya Kiswahili ilikuwa imechapwa Tübingen mwaka 1850. Kamusi ilimchukua miaka mingi zaidi, kwa kuwa maneno aliyoyakusanya Mvita na Rabai yalikuwa maelfu, na nyingi za maana zake aliziandika pamoja na mifano ya usemi wa watu wenyewe, Kimvita cha wakati ule, ambacho wazee wa pwani wakikisikia hukitambua. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 27 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ikatoka London mwaka uliofuata.