Maisha ya Daktari Matthew Lukwiya wa Gulu

Mwezi Januari 2025 sisi wa Shinyanga na Geita tulipata habari za kutisha kutoka kwa jirani zetu wa Biharamulo, ya kwamba ugonjwa wa Marburg umezuka huko. Mwaka 2023 ugonjwa huo ulikuwa umeingia Bukoba, na mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya. Mara zote mbili wengi wetu tuliulizana kama utafika kwetu. Wachache sana waliuliza habari za wauguzi waliokuwa wakikesha wodini. Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia maisha ya marehemu Daktari Matthew Lukwiya wa Uganda.

Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957 upande wa Kitgum, kaskazini ya Uganda. Baba yake, mchuuzi wa samaki, alifariki Matthew akiwa bado mtoto, na mama akamlea kwa biashara ndogo ndogo. Alikuwa hodari darasani, akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1983 alifika katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, karibu na mji wa Gulu, kujifunza kazi kwa Daktari Piero Corti, Mwitalia, na mkewe Daktari Lucille Teasdale, mpasuaji kutoka Kanada. Hospitali hiyo ni ya Wakatoliki naye alikuwa Mprotestanti, lakini aliitumikia mpaka kufa kwake.

Nchi ile ilikuwa vitani. Siku moja waasi walikuja kuwateka masista wa hospitali. Matthew akajitoa achukuliwe yeye badala yao, akakaa nao porini kwa siku kadhaa kabla ya kuachiliwa. Baadaye alikwenda Liverpool, Uingereza, kusomea magonjwa ya nchi za joto, akafaulu vizuri mno. Angeweza kubaki Ulaya, lakini alirudi Lacor.

Mwezi Oktoba 2000 alikuwa Kampala akiendelea na masomo, akapigiwa simu kwamba wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usiojulikana. Akaondoka mara moja. Usiku alipofika alisoma mafaili ya wagonjwa, akaona kwamba dalili zile zafanana na za Ebola. Hakungoja majibu ya maabara. Aliipasha habari Wizara ya Afya, akaanzisha wodi ya pekee na kuweka taratibu za kujikinga.

Waliohudumu katika wodi ile walikuwa wamejitolea. Walivaa magauni, barakoa, glavu, miwani na mabuti katika joto kali, wakasafisha damu na matapishi, wakafunga maiti. Wakitoka kazini, watu waliwaogopa. Tena waliowauguza hawakuwa wageni tu. Wengine walikuwa wauguzi wenzao. Mwishoni mwa Novemba wenzao kadhaa walifariki kwa siku moja, na hapo nguvu zikawaishia. Wauguzi wakagoma kuingia wodini.

Daktari Lukwiya hakuwakemea. Aliwakusanya katika ukumbi wa shule ya uuguzi, akakaa nao kwa saa nyingi akisikiliza hofu yao na uchungu wao. Aliwaambia kwamba atakaye kuondoka yu huru, bali yeye atabaki hata akiwa peke yake. Wengi walirudi kazini.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa amechoka kama wao. Katika siku hizo hizo, usiku, muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa mahututi alitoka kitandani huku akitokwa na damu. Daktari aliamshwa usingizini, akavaa gauni, barakoa na glavu, akakimbia kumsaidia, ila hakuvaa miwani. Inadhaniwa kuwa hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, mwenye umri wa miaka 43, akaacha mke na watoto watano. Alizikwa siku ile ile hospitalini, kando ya kaburi la Daktari Lucille. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha mwezi Februari 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamefariki. Hospitali ya Lacor ilipoteza wahudumu 13, pamoja naye.

Ndugu zetu, aliyesahau miwani usiku ule ndiye aliyewafundisha wenzake kuivaa. Hakukosa elimu wala ujasiri. Alikuwa mtu aliyefanya kazi wiki zipatazo sita karibu bila kupumzika, akaamshwa usingizini. Basi tusidhani kwamba mwenye moyo wa kujitoa hachoki, wala tusiseme kwamba muuguzi anayelia amepungukiwa na imani.

Katika mitaa yetu wamo wauguzi na madaktari. Siku za tauni tunawakwepa, na siku za kawaida tunawagongea mlango usiku wa manane, kisha twalalamika kwamba wana maneno makali. Jirani yako akirudi kutoka zamu ya usiku, mpelekee uji, mwangalizie watoto apate kulala, na shida yako iwezayo kungoja ingoje mpaka aamke. Tena sisi tulio katika kamati za zahanati na vituo vya afya, tuulize pamoja na hesabu ya dawa: ni nani atakayempokea huyu zamu akichoka?